Maswali ya Wasomaji: Shimo la Mchanga, Mto na Maji Yaliyokosa Njia

Barua nyingi za mwezi huu zimetoka mabondeni: mashimo ya mchanga, viwanja vya kifusi, visima vya mtoni vilivyokauka. Tumechagua tano. Tumezijibu kwa vipimo, maana maneno kama "mbali kidogo na mto" au "mtaro wa kutosha" hayamsaidii mtu masika yakishaingia.

Wameniahidi bwawa la samaki

*Nina shamba la ekari tano kando ya Mto Mpiji, upande wa Bagamoyo. Wachimbaji wa mchanga wanataka ekari moja, wachimbe mita nne kwenda chini na kuacha mita kumi kutoka mtoni. Wanasema wakiondoka shimo litajaa maji nami nitafuga samaki. Nisaini?* — Mama mkulima, Bagamoyo

Mama, usisaini karatasi hiyo. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, kifungu cha 57, inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto. Mchanga wenyewe kisheria ni madini ya ujenzi, kwa hiyo anayekuja na kijiko na malori anapaswa kuwa na leseni ya madini. Akuoneshe leseni na kibali cha mazingira kabla hamjazungumza bei. Kuhusu mto, ofisi ya kuuliza ni Bodi ya Maji ya Bonde la Wami/Ruvu.

Hata kama sheria isingekuwepo, mita kumi hazitoshi, na ni vizuri ujue kwa nini. Mafuriko yakivuka ukingo, maji husambaa juu ya uwanda yakiwa ya magotini, yanakwenda polepole. Yakifika kwenye mdomo wa shimo tupu yanaporomoka mita nne kwa mkupuo. Pale yanapoangukia yanachimbua, ukuta unakosa mguu, mdomo unameguka. Kisha yanaangukia hatua moja nyuma, na mmeguko mwingine unafuata. Shimo linatembea kuelekea mtoni, kinyume na maji yanakokwenda. Ardhi ya mchanga haina gundi ya kuuzuia mwendo huo, na mita kumi zinaweza kuliwa kwa mvua ya usiku mmoja. Mmeguko ukigusa mto, mto wote unahamia shimoni na shamba lako linakuwa mkondo.

Hasara haiishii kwako. Upande wa juu, mto umepata ghafla mteremko mkali, kwa hiyo sakafu yake inaanza kuchimbika kwenda kwa majirani, kingo zao zinabaki zimening'inia. Upande wa chini, maji yanatoka shimoni yakiwa yameuacha mchanga wote humo. Maji yasiyo na mzigo wa mchanga yana nguvu ya ziada, nayo yanaimalizia kwenye kingo za walio chini.

Kama bado unataka kuuza mchanga, yaandikwe haya kwenye mkataba. Mita 60 zipimwe kutoka ukingo wa juu wa mto, siyo kutoka yalipo maji ya kiangazi. Kama shamba liko upande wa nje wa kona ya mto, sisi tungedai 100, maana upande huo ndio mto unaoula kila mwaka. Mwishoni mwa masika, maji ya ardhini yakiwa juu, chimba kisima kidogo cha majaribio uone yalipo. Sakafu ya shimo ibaki angalau mita moja juu ya hapo: ukikuta maji kwenye mita tatu, mwisho wa kuchimba ni mita mbili. Kuta zilazwe kwa mteremko wa mita tatu kwenda mbele kwa kila mita moja ya kina. Ukuta wa hivyo haumeguki, na mtoto au ng'ombe akitumbukia anaweza kupanda kutoka. Mashimo ya mchanga yenye kuta wima yameua watoto wengi mno wanaokwenda kuogelea, na hilo peke yake lingetosha kukataa mkataba usiotaja mteremko.

Wachimbaji watalalamika, na hesabu inaonesha sababu. Ekari moja ni takriban mita za mraba 4,047. Ikichimbwa mita nne kwa kuta wima inatoa mita za ujazo 16,000 na ushee. Lori la tani 15 hubeba mita za ujazo tisa na kidogo, kwa hiyo hizo ni safari kama 1,700. Ekari hiyohiyo ikichimbwa mita mbili kwa kuta zilizolazwa inatoa kama 6,600, yaani safari 700 hivi. Tofauti hiyo ya safari 1,000 ndiyo unayoombwa uwaachie, kisha uilipie mwenyewe siku utakapotaka kufukia.

Kabla ya kijiko kugusa mchanga, udongo wa juu wenye rutuba, sentimita 20 hadi 30, ukwanguliwe na kuwekwa pembeni kwa malundo yasiyozidi mita mbili. Ukirundikwa juu zaidi, wa chini unakosa hewa na uhai wake unakufa. Malundo ya udongo na mchanga yasiwekwe kukatiza uwanda. Lundo lililokaa kimshazari mbele ya mafuriko ni ukuta: maji yanapanda nyuma yake na kumwangukia jirani wa ng'ambo. Yawekwe yakifuata mwelekeo wa maji, na yaondolewe kabla ya mvua.

Jambo la mwisho ndilo linalosahaulika kuliko yote. Lichagulie shimo mlango wa maji. Kwenye pembe iliyo upande wa chini wa mto, shusha mdomo wa shimo nusu mita kuliko pengine pote, kwa upana wa mita sita hadi kumi. Tandika kitambaa cha kuchujia, juu yake mawe ya sentimita 20 hadi 30, kuanzia mdomoni mpaka sakafuni. Mafuriko yatarudi nyuma kupitia mlango huo na kulijaza shimo taratibu. Maji makubwa yakija kuvuka kutoka upande wa juu, yanakuta shimo limeshajaa, hakuna pa kuporomokea. Tumeona watu wakiweka mlango upande wa juu kwa sababu ndiko maji yanakotoka. Hapo umemfungulia mto njia ya mkato.

Ukifuata hayo hutapata bwawa, utapata shamba lililoshuka mita mbili, ambalo udongo wake wa juu ukirudishwa linafaa kwa mboga za kiangazi. Samaki wasikutamanishe. Bwawa la samaki linahitaji maji unayoweza kuyatoa na kuyaingiza, na shimo lililo katika njia ya mafuriko litawapeleka samaki wako baharini.

Kiwanja kinachogoma kunyonya maji

*Nilinunua kiwanja cha mita 20 kwa 25 huku Boko. Baadaye majirani wakaniambia palikuwa shimo la kifusi lililojazwa. Mvua ikikatika, maji husimama wiki mbili. Nimechimba shimo la kunyonya, nalo limejaa. Bado sijaanza msingi.* — Msomaji wa Boko, Dar es Salaam

Umefanya vyema kuuliza kabla ya msingi, ndugu yetu. Shimo lililojazwa ni bakuli. Kuta zake za asili ni ngumu, na ndani pamemwagwa mchanganyiko wa mfinyanzi, zege lililovunjwa na taka, kisha malori yakapita juu yake udongo ukiwa mbichi. Matairi yanaubana udongo huo mpaka unakuwa kama sakafu. Maji ya mvua yanakaa juu ya sakafu hiyo ingawa maji halisi ya ardhini yako mbali chini. Shimo lako la kunyonya limejaa kwa sababu liko ndani ya bakuli lilelile.

Anza kwa kujua kilichofukiwa. Chimba mashimo matatu ya mita mbili, moja katikati na mawili kwenye pembe, na mtu asishuke ndani, kwani kifusi humeguka bila kutoa taarifa. Tazama kinachotoka. Ukiona mifuko ya plastiki, mbao zinazooza au tope jeusi lenye harufu, jua pataendelea kushuka kwa miaka mingi, na panaweza kutoa gesi inayowaka. Kisha, mahali penye kina cha nusu mita, chimba kijishimo cha sentimita 30 kila upande, kijaze maji jioni, yalale. Asubuhi weka maji ya sentimita 15 na upime baada ya saa moja. Yakishuka chini ya sentimita moja, acha habari ya kunyonyesha ardhi. Yakishuka tano au zaidi, tatizo ni tabaka la juu tu, na kulivunja kwa sururu au trekta hadi nusu mita kutasaidia sana.

Kama ardhi hainyonyi, maji yatolewe kwa mteremko. Kuzunguka nyumba, mita tatu za kwanza zishuke sentimita tano kwa kila mita. Mvua kali ya milimita 60 kwa saa ikipiga kiwanja chako cha mita za mraba 500, huku sehemu kubwa ikiwa paa na sakafu, inakupa lita sita hadi saba kwa sekunde. Mtaro wa zege wa sentimita 30 kwa 30 wenye mteremko wa mita moja kwa 200 unabeba mara kadhaa ya hizo. Usiupunguze hata hivyo: ukubwa huo ni kwa ajili ya mchanga, majani na maji ya jirani aliye juu yako.

Maji yaliyotuama ndani ya kifusi yanahitaji mfereji wa kokoto: upana sentimita 40, kina 80, ndani yake bomba la inchi nne lenye matundu, mteremko mita moja kwa 100. Kokoto ziwe za milimita 20 hadi 40, na kitambaa cha kuchujia kizunguke kokoto zote, siyo bomba peke yake. Makosa ya mafundi hapa ni yaleyale kila mahali. Matundu yanaelekezwa juu, ilhali maji huingia kwa chini yanapopanda. Kitambaa kinaachwa ili kuokoa fedha, na baada ya masika mawili mfereji umejaa tope. Au bomba halina pa kutokea. Bila pa kutokea, huo siyo mfereji tena, ni bwawa ulilolifukia. Tafuta mtaro wa barabara ulio chini kuliko bomba lako kabla hujanunua hata ndoo ya kokoto, na usimwelekezee jirani.

Kuhusu msingi: kifusi kisichoshindiliwa hushuka kati ya asilimia 5 na 10 ya kina chake, na hushuka haraka zaidi kikilowa. Shimo la mita nne litashuka sentimita 20 hadi 40, tena siyo sawasawa kote. Piga vigingi sita, weka misumari, na kila mwezi pima usawa kwa mpira wa maji wa fundi ukilinganisha na kigingi kilicho nje ya eneo lililojazwa. Fanya hivyo masika yote. Kama kina ni mita moja au mbili, toa kifusi mpaka udongo wa asili, rudisha moramu kwa matabaka ya sentimita 20, kila tabaka limwagiwe maji kidogo na kushindiliwa kabla ya linalofuata. Tabaka la nusu mita linashika juu tu, chini linabaki legevu. Kina kikizidi hapo, au ukikuta taka, mlipe mhandisi achore msingi unaofaa. Na karo la choo lisikae juu ya kifusi: likishuka, bomba linakatika, maji machafu yanajaza bakuli lote.

Visima vya mtoni vimekauka

*Zamani tulikuwa tukichimba mchanga mtoni kidogo tu, tunapata maji hadi Oktoba. Tangu malori yaanze, Julai tayari ni kavu. Wenye malori wanasema ni ukame.* — Kamati ya maji, Makueni

Ukame upo, lakini mchanga ndio tangi lenu. Chukueni kipande cha mto chenye upana wa mita 10, urefu mita 500 na mchanga wa mita mbili. Huo ni mchanga wa mita za ujazo 10,000, na takriban robo yake ni maji yanayoweza kuchoteka: lita milioni 2.5. Punda anayebeba mitungi minne ya lita 20 angefanya safari 31,250 kuyamaliza.

Sasa malori yaondoe mita moja na nusu. Mtu atasema imebaki robo ya maji. Haikubaki. Jua hunyonya maji kutoka mchanga wa juu hadi sentimita 60 hivi, na ninyi mmebakiwa na 50. Maji yote yaliyobaki yako mahali jua linapofika. Zaidi ya hayo, mafuriko ya kwanza huacha tope laini ndani ya mashimo ya wachimbaji, na tope hilo huziba njia ya maji kuingia kwenye kingo, kwa hiyo hata visima vya kando vinadhoofika.

Kaunti yenu ina sheria ya mwaka 2015 ya uhifadhi na matumizi ya mchanga, itumieni: ombeni kipande chenye visima kifungwe kabisa. Pale penye mwamba unaokatiza mto, bwawa la mchanga, yaani ukuta unaokatiza mto na kukamata mchanga nyuma yake, linaweza kurudisha tangi. Ukuta ukae juu ya mwamba wenyewe, mabawa yaingie ndani ya kingo, na ujengwe kwa hatua, msimu kwa msimu. Ukiinuliwa wote mara moja, maji hutulia mno nyuma yake na hujaza tope badala ya mchanga, nalo tope halitoi maji. Msijenge huku uchimbaji unaendelea juu yenu.

"Tuko chini ya daraja, hatuligusi"

*Wachimbaji kijijini kwetu wanasema wanachimba upande wa chini wa daraja, ambako maji yameshapita. Je, kweli haliathiriki?* — Mwenyekiti wa kijiji, Morogoro

Siyo kweli, Mwenyekiti. Shimo la upande wa chini ndilo linalotisha zaidi, kwa sababu mmomonyoko wa sakafu hupanda kinyume cha mkondo mpaka kwenye nguzo. Fungeni jiwe kwenye kamba, pimeni kutoka chini ya boriti ya daraja hadi sakafu ya mto katika sehemu tano zilezile, kabla na baada ya masika, na mwandike tarehe. Sakafu ikishuka sentimita 30, simamisheni uchimbaji. Kitako cha nguzo kikionekana, fungeni daraja kwa magari mazito na mwite wakala wa barabara, TARURA au TANROADS, siku hiyohiyo. Vipimo vyenu vilivyoandikwa vitakuwa na uzito kuliko malalamiko.

Marudio yetu na majaruba ya watu

*Mwalo wetu, yaani mahali tunapooshea dhahabu, uko pembeni ya mbuga ya mpunga bondeni, Geita. Mvua ikinyesha, tope la marudio, yaani mabaki ya kuosha dhahabu, linaingia kwenye majaruba ya mpunga. Tujenge bwawa la namna gani?* — Kikundi cha wachimbaji wadogo

Kabla ya bwawa, fikirieni kuhamisha mwalo. Zebaki ya kukamatia dhahabu hushikamana na chembe laini za tope. Ikifika kwenye jaruba lililojaa maji, katika udongo usio na hewa, hugeuka kuwa aina ya zebaki inayoingia kwa samaki na kwa anayewala. Marudio yapande juu ya mstari wa mafuriko. Wazee wa mbuga watawaonesha maji yalifika wapi. Msiyauze kwa mwenye mtambo wa sayanaidi (kemikali ya kuyeyushia dhahabu) kama yana zebaki, kwani sayanaidi huiyeyusha na kuipa mwendo mpya.

Mkishahama, kazi ni mbili. Ya kwanza ni kuzuia maji safi yasiingie: mtaro wa kukinga upande wa juu wa eneo, ukifuata usawa wa kilima, unapunguza maji ya kushughulikia kuliko bwawa lolote. Ya pili ni kutuliza maji machafu. Jazeni chupa safi ya lita moja kwa maji ya mwalo, tikiseni, iacheni wima. Mchanga utatua ndani ya dakika moja. Tope laini litachukua dakika nyingi. Kama kesho yake maji bado ni ya rangi ya chai ya maziwa, mna chembe za mfinyanzi ambazo bwawa pekee haliziwezi. Hapo maji yasitoke kabisa: yarudisheni mwaloni kuoshea.

Chembe ya mikroni 20, yaani milimita 0.02, huzama kama sentimita mbili kwa dakika. Kwa maji ya lita 10 kwa sekunde, uso wa bwawa uwe angalau mita za mraba 30, na sisi tungejenga 60 kwa sababu maji hukimbilia njia fupi kati ya mlango na mlango. Kina hakisaidii kutuliza, kinaweka tu nafasi ya tope. Chembe ya mfinyanzi iliyo ndogo mara kumi huzama polepole mara 100, ndiyo maana chupa inawaambia ukweli kabla hamjachimba.

Ukuta ujengwe kwa udongo wa mfinyanzi ulioshindiliwa, matabaka ya sentimita 20, siyo kwa marudio yenyewe. Pande zake zilale mita mbili kwa moja. Juu pawe na upana wa kupita toroli, na kati ya maji na kilele ibaki nusu mita hadi mita moja. Muwe na mlango wa dharura uliotandikwa mawe, maana maji yakivuka juu ya ukuta wa udongo hayauachi. Msipitishe bomba ndani ya ukuta bila kulizungushia udongo ulioshindiliwa vizuri: maji hufuata nje ya bomba na kuutoboa. Kuta za tope hazishindwi kwa wadogo tu. Tarehe 7 Novemba 2022 ukuta wa bwawa la tope la mgodi wa almasi wa Mwadui, Shinyanga, ulibomoka na tope likafunika nyumba na mashamba. Kagueni wa kwenu kila siku ya mvua, mkitazama sehemu inayolowa upande wa nje. Maji yanayotoka hapo yakiwa safi, wekeni alama na mrudi baada ya saa. Yakiwa na udongo, ukuta unaliwa kwa ndani: simamisheni mwalo, shusheni maji, waondoeni watu walio chini.

Na chupa mliyopimia isirudi jikoni.